Matofali ya Sarnath

Mdogo wangu alituma karatasi ile saa nne usiku kwa saa za nyumbani, mimi huku Varanasi nikiwa nimeshalala. Niliiona alfajiri. Kurasa mbili, zimepigwa picha juu ya meza, kona moja imezibwa na kikombe cha chai. Ridhaa ya wanafamilia kuuza kiwanja cha Kerege na kuhamisha makaburi yaliyomo. Saini zilikuwa tano tayari. Ya baba ilikuwa ya kwanza, imetetemeka kama mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza. Nafasi iliyobaki ilikuwa yangu. Chini ya picha mdogo wangu kaandika: "Dada, mnunuzi anataka jibu leo. Weka saini, piga picha, rudisha."

Sababu ya kuuza naijua na siwezi kuipinga. Baba anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, figo zimechoka, na aliyebeba mzigo huo miaka miwili ni mdogo wangu, si mimi niliyekuja kusoma. Kilichonifanya nisisaini palepale ni neno moja katika aya ya tatu. Waliandika makaburi matatu. La babu, la bibi na la shangazi.

Mimi nakumbuka manne.

Siku hiyo nilikuwa na safari ya Sarnath, nusu siku, kutoka saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, na nilishalipa. Mwenzangu wa chumbani tuliyepanga kwenda naye aliamka na homa, akaniambia niende peke yangu. Nikatia simu mfukoni, nikajitanda mtandio mzito, nikatoka kwenye ukungu wa Januari ambao katika mji ule unaweza kumficha ng'ombe mzima mpaka umgonge.

Kiongozi wetu alikuwa mzee wa makamo ya baba, koti la sufi, kofia iliyofunika masikio. Nilisema wetu, abiria nilikuwa mimi tu. Nilimwita chachaji kama nilivyosikia wenzangu wakiwaita wazee wa rika lake. Chacha kwao ni ndugu mdogo wa baba, sawasawa na baba mdogo wetu, na niliwahi kufurahi sana kugundua kuwa Kihindi nacho hakiridhiki na neno moja kwa ndugu wote wa baba. Yeye aliniita beti, binti. Chombo chetu kilikuwa kile kile cha magurudumu matatu ambacho sisi tumekipa jina la kampuni ya Kihindi inayokitengeneza. Wenyewe hawakiiti bajaji. Wanakiita oto, na dereva alicheka sana niliposema kuwa kwetu jina la kiwandani ndilo jina la chombo.

Sarnath iko kama kilomita kumi kutoka Varanasi. Hapo ndipo, kwa mapokeo ya Wabudha, Budha alipotoa mahubiri yake ya kwanza baada ya kupata mwangaza Bodh Gaya, na wasikilizaji wake walikuwa watu watano, wenzake wa zamani waliokuwa wamemkimbia. Tulisimama kwanza Chaukhandi, kilima cha matofali panaposemwa kuwa ndipo alipokutana nao. Juu yake pana mnara wa pembe nane uliojengwa mwaka 1588, zama za Akbar, kukumbuka kuwa baba yake, Humayun, aliwahi kupumzika hapo. Mnara wa wafalme wa Kiislamu juu ya kilima cha Wabudha katika nchi ya Wahindu. Chachaji alisema hayo kwa sauti ya mtu aliyeyasema mara elfu, akatazama saa, tukaondoka.

Kwenye magofu yenyewe ndipo alipobadilika. Pale hatembei kama mtembeza watalii. Anatembea kama mtu anayepita katika nyumba ya ukoo.

Kitu kinachoonekana kwanza ni stupa ya Dhamek, mviringo mnene wa mawe na matofali, kipenyo chake mita 28 hivi na kimo zaidi ya mita 30, umesimama peke yake kwenye majani kama gudulia lililosahauliwa na jitu. Kikundi cha mahujaji kutoka Sri Lanka, wote wamevaa nguo nyeupe, walikuwa wakiizunguka polepole, mkono wa kulia ukiwa upande wa stupa, wakiimba kwa sauti ya chini. Mwaka 1835 Alexander Cunningham, mwanajeshi Mwingereza aliyekuja kuwa baba wa akiolojia ya India, alichimba shimo kutoka kileleni hadi chini kabisa akitafuta masalia. Alipata bamba la maandishi. Mifupa hakukuta.

"Mifupa ilikuwa kule," Chachaji alisema, akanionyesha upande ambao hakukuwa na kitu.

Tulikwenda. Palikuwa na duara la matofali chini, kama msingi wa tangi la maji ambalo halikujengwa. Ndiyo Dharmarajika, aliniambia. Ilikuwa stupa kubwa, ya tangu zama za mfalme Ashoka, karne ya tatu kabla ya Kristo. Mwaka 1794 watu wa Jagat Singh, diwani wa mtawala wa Banaras, waliibomoa wapate matofali ya kujengea soko mjini. Ndani wakakuta sanduku la mawe, na ndani ya sanduku kasha, na ndani ya kasha vipande vya mifupa pamoja na lulu na vipande vya dhahabu. Mifupa wakaimwaga katika Mto Ganga.

Nilikaa kwenye ukingo wa duara lile. Simu mfukoni ilikuwa kama jiwe.

"Wazao wa Jagat Singh hawapendi habari isimuliwe hivi," aliongeza. "Wanasema bila babu yao dunia isingejua kuna nini hapa. Na kweli, habari za sanduku zilipoandikwa ndipo Waingereza walipoanza kuja kuchimba."

Nikamwuliza kama yule aliyemwaga mifupa alifanya dhambi. Sijui kwa nini nilimwuliza yeye. Labda kwa kuwa hanijui.

Hakujibu haraka. "Beti, mimi ni Mhindu. Mama yangu nilimpeleka Ganga kwa mikono hii. Kwetu mifupa haina mahali pazuri kuliko pale. Mtu yule aliona mifupa, akaipeleka mahali pa heshima kuliko pote alipopajua." Akaokota kipande cha tofali, akakigeuza, akakirudisha mahali pake pale pale. "Ila hakuuliza ni ya nani."

Nikamsimulia. Si yote. Kiwanja, makaburi, baba mgonjwa. Alisikiliza huku akiangalia wale wa nguo nyeupe. Nilidhani ataniambia niwakatalie, maana wazee hupenda makaburi yabaki yalipo. Badala yake aliniambia kuwa Budha alipokufa na kuchomwa, wafalme nusura wapigane kwa ajili ya masalia yake, mpaka yakagawanywa mafungu manane, na kila fungu likajengewa stupa. Kisha, kwa mapokeo, Ashoka alikuja kufungua saba kati ya hizo nane, akayagawa upya masalia na kuyasambaza nchi nzima, stupa 84,000 wanasema, hesabu ambayo hata Chachaji aliitamka kwa kutabasamu. "Kwa hiyo kuhamisha si jambo geni hapa," alisema. "Mahali hapa pametokana na kuhamisha."

Sikufarijika, lakini nilisimama.

Hatua chache kutoka pale, ndani ya uzio, kuna kisiki cha nguzo ya Ashoka. Vipande vyake vingine vimelazwa kando. Maandishi yake, katika herufi za Brahmi, ni onyo: mtawa wa kiume au wa kike atakayeipasua jumuiya, avishwe nguo nyeupe na akakae mbali na makazi ya watawa. Nguo nyeupe kwao ni za watu wa kawaida, wasio watawa. Ndizo walizovaa mahujaji wale wa Sri Lanka bila aibu yoyote. Mimi niliposikia nguo nyeupe nilifikiria sanda. Kila mtu husoma nguzo kwa macho aliyokuja nayo.

Nilifikiria pia mimi na mdogo wangu. Tangu niondoke nyumbani tumezungumza mara nyingi, na kila mara kuhusu fedha. Nani katuma, nani hajatuma. Hajawahi kunitukana. Huwa ananyamaza tu, kisha anasema, "Sawa, dada," na hilo "sawa" lina uzito wa gunia la mkaa.

Hekalu la Mulagandha Kuti nitalipita upesi, ingawa ni zuri. Lilikamilika mwaka 1931 kwa juhudi za Anagarika Dharmapala wa Sri Lanka, na kuta zake za ndani zilichorwa na Mjapani, Kosetsu Nosu, maisha yote ya Budha kutoka kuzaliwa hadi kufa. Mlangoni tunavua viatu. Miguu yangu ilizoea, maana huvua msikitini kila siku, lakini moyo ulisita kidogo kwenye kizingiti, na Chachaji akanisubiri bila kunihimiza. Nje kuna mti wa bodhi uliopandwa kutokana na ule wa Anuradhapura, Sri Lanka, ambao nao ulitokana na mti wa Bodh Gaya. Mti umekwenda kisiwani, umerudi kama mjukuu. Dar es Salaam pia kuna hekalu la Kibudha lililoanzishwa na Wasinhala waliokuja mwanzoni mwa karne iliyopita, nao walipanda mti wa aina hiyo. Nimepita mji ule miaka mingi bila kujua. Nilimwambia Chachaji, akafurahi kuliko wakati wowote siku ile, akamwambia mlinzi, mlinzi akamwambia muuza maua.

Mwisho ni makumbusho. Simu zinaachwa kwenye kabati mlangoni, na nilitoa yangu kwa raha isiyo ya kawaida. Ndani, mbele kabisa, wamesimama simba wanne wa Ashoka, wamepeana migongo, zaidi ya mita mbili za jiwe lililosuguliwa mpaka linang'aa kama limepakwa mafuta. Walifukuliwa mwaka 1905 na F. O. Oertel, na tangu 1950 ndiyo nembo ya taifa la India; wako kwenye kila noti ya rupia niliyowahi kukunja. Kwenye noti wanaonekana watatu. Wa nne yuko nyuma, hachorwi, kwa sababu kutoka mbele haonekani.

Nilizunguka nyuma kumwangalia.

Nilipotoka nilikuta simu nne za mdogo wangu. Kwao ilikuwa inakaribia saa tatu asubuhi. Nikampigia nikiwa nimesimama kando ya bajaji, Chachaji akaenda kuagiza chai, ile ya vikombe vya udongo unavyokunywa mara moja ukavitupa vikarudi kuwa udongo.

"Dada, umeiona?"

"Nimeiona. Mbona mmeandika matatu?"

Kimya. "Kwani si matatu? Niko hapa hapa Kerege na mafundi. Nayaona matatu."

Nikamkumbusha. Kabla ya baba, bibi alizaa mtoto wa kike aliyeishi siku tatu. Hakupata kupewa jina. Bibi alimwita mgeni wangu, na kila Ijumaa aliponituma nifagie makaburi alisema usimsahau mgeni. Mdogo wangu alikuwa hajazaliwa. Hakuna kibao, ni jiwe la matumbawe tu, dogo kama mkate, kati ya mwembe na kisima.

"Mwembe tumeshaukata," alisema. "Mwezi uliopita. Tulichoma mkaa, tukapata ya dawa za baba."

Sikusema kitu. Nilimsikia akipumua, nikasikia na jembe la mtu likigonga mahali.

"Waambie wasimame kwanza," nikasema. "Simama kisimani. Uelekee kibla."

"Nimesimama."

"Kisiki unakiona?"

"Mkono wa kushoto."

"Nenda kama unakifuata, lakini usikifikie. Hatua zangu zilikuwa tisa, nilikuwa mtoto. Wewe fanya tano, sita. Fukua majani kwa mkono, si kwa jembe."

Alikwenda. Nilisikia majani makavu, nikasikia akimwambia mtu ashike simu. Chachaji alirudi na chai, akaona uso wangu, akasimama mbali akiwa na vikombe viwili vinavyofuka moshi. Dereva alizima injini bila kuambiwa.

"Dada." Sauti yake ilikuwa chini, karibu na ardhi. "Kuna jiwe."

"Lina tundu upande mmoja?"

"Lina tundu."

"Ndiye."

Tulikaa hivyo kwa muda, salio likiisha. Kisha akauliza, kwa sauti niliyoifahamu tangu akiwa na miaka sita, "Sasa nifanyeje?" Nikamwambia amtafute yule shehe aliyekubali kusimamia, amwambie ni manne, sanda nne, na mashimo manne kule kwenye makaburi ya kijiji, hata kama la nne litakutwa udongo mtupu. Ule udongo wachukue. Na baba apelekwe siku hiyo, hata kwa kukodi gari, akae kwenye kiti aone.

"Mnunuzi atasema tunamchelewesha."

"Atasema."

"Sawa, dada," akajibu, na mara hii lilikuwa sawa tu.

Karatasi niliichapisha kwenye duka la vifaa vya shule karibu na kituo cha mabasi ya Sarnath. Nilikata neno matatu, nikaandika juu yake manne, nikaweka saini mara mbili, pale na chini, karatasi ikiwa juu ya daftari la Chachaji la hesabu za wageni. Alinishikia kona isipeperuke. Ziara ilipaswa kuishia kwenye duka la hariri la rafiki yake, kama zinavyoishia ziara zote za mji ule, lakini tulipolifikia alimwambia dereva apite.