Mafundi wa Bati wa Mutoshi

Atokaye Lubumbashi kwenda Kolwezi hupita Likasi, na mwendo wote ni yapata kilometa 300. Njiani malori hayaishi: mengine huleta salfa na chokaa, mengine hurudi na shaba. Jirani na Kolwezi ndipo ilipo Mutoshi, ambayo mgodi wake zamani uliitwa Ruwe. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa 1906, ilishika migodi ya nchi hii hata mwanzoni mwa 1967, mali yake ilipochukuliwa na dola. Ndipo ilipoanza kampuni ambayo baadaye iliitwa Gécamines.

Lakini sisi hatukwenda kutazama mashimo. Tulikwenda kuwaona wanaoyaponya magari.

Chini ya mwembe tulimkuta fundi wa bati na mwanafunzi wake, na mbele yao basi dogo la abiria lililobonyea ubavuni. Fundi aliegemeza chuma kizito upande wa nje, akagonga kwa nyundo toka ndani, polepole. Maana bati likipigwa kwa hasira hutanuka, na likisha kutanuka halirudi upesi.

Mwanafunzi alipokwaruza rangi karibu na mlango, bati likatoboka kama karatasi. Matope ya majira ya mvua hujificha katika mikunjo ya chini, na kutu hula kwa ndani huku rangi iking'aa kwa nje.

Mwenye gari akasema, "Fundi, paka puti, piga msasa, tia rangi. Kesho nataka kupakia watu."

Fundi akajibu kwa upole, "Ndugu yangu, puti haibebi mtu. Chuma hiki ndicho kinachoshika kiti. Nikikifunika, mimi nitajua, nawe utajua. Lakini mama atakayeketi hapa na mtoto wake hatajua."

Wakanyamaza kitambo. Siku tatu bila nauli si jambo dogo kwa mtu anayelisha watoto kwa gari moja. Mwisho akasema, "Haya, kata."

Fundi akakata palipooza hata akafika kwenye chuma kizima, akachomelea kipande kipya. Rangi ya kuzuia kutu ingefuata, kisha puti nyembamba.

Jioni tulimwuliza mwanafunzi amejifunza nini. Tulidhani atasema kuchomelea. Akasema, "Kukwaruza kwanza, ndipo kutaja bei."

Wasomaji wapenzi, tulipopanda gari la kurudi Kolwezi, kila mmoja wetu aliinama akatazama chini ya kiti chake.