Bakuli la Uvunguni

Watu wengi tumezoea kulihukumu gari kwa sauti yake. Injini ikinguruma vizuri, mwenye gari hulala usingizi. Lakini giaboksi ya otomatiki haina tabia ya kulalamika mapema. Huchakaa kimya kimya, na ushahidi wote hujikusanya mahali ambapo hakuna anayechungulia: ndani ya bakuli la chuma lililofungwa kwa bolti chini ya giaboksi.

Nasema haya kwa sababu ya pikapu ya shemeji yangu. Hubeba dagaa kutoka mwalo wa Mwigobero, Musoma, kuwapeleka Bunda, na wakati wa kurudi hupitia Butiama kuchukua mihogo na mtama. Ada za watoto watatu na dawa za mama mkwe hutoka katika pikapu hiyo. Kwa hiyo ilipoanza kusita kidogo kabla ya kuingia gia, lile halikuwa jambo la gari tu.

Kijiweni alipewa onyo ambalo kila mwenye otomatiki amekwisha kulisikia: “Giaboksi hiyo haifunguliwi. Ukibadilisha mafuta, umeiua.” Imani hii haikutoka hewani. Wengi huendesha miaka na miaka bila kuyagusa mafuta, mpaka gia zinateleza na gari halipandi tena mlima. Hapo ndipo humwagwa mafuta meusi na kutiwa mapya. Wiki mbili baadaye gari limekufa, na lawama zote hubebeshwa mafuta mapya. Ni kama mgonjwa aliyefikishwa hospitali akiwa mahututi, kisha watu wakasema hospitali ndiyo iliyomuua.

Ndani ya giaboksi hiyo mna sahani nyembamba zilizopakwa utando wa kushikana, zote zikiogelea ndani ya mafuta mekundu ambayo wauza vipuri wengi huyaita haidroliki. Mafuta hayo hulainisha, husukuma sahani zishikane, na huondoa joto. Joto ndilo adui. Pikapu iliyoshindiliwa mzigo, ikipanda polepole juani, huyachemsha mafuta hadi wekundu ugeuke kahawia, kisha weusi wenye harufu ya kuungua.

Tulimpelekea fundi mmoja wa Nyasho, mtu asiyependa maneno mengi. Bakuli halikuwa na nati ya kumwagia mafuta. Land Rover za zamani, ambazo wengi wetu tulijifunzia, zilikuwa na nati hiyo chini ya giaboksi, na kijana yeyote mwenye spana aliweza kuifungua. Hapa ilibidi fundi alegeze bolti za upande mmoja kwanza ili bakuli liiname, na bado mafuta yalimwogesha mpaka kwenye viwiko.

Chini ya bakuli palikuwa na sumaku mbili zilizovaa tope la kijivu, laini kama wanja. Fundi alilisugua kati ya vidole, akanusa, akasugua tena. Shemeji alikuwa amesimama kama mtu anayesubiri majibu ya maabara.

“Huu ni uchakavu wa kawaida, mzee,” fundi aliniambia mimi, si yeye. “Ningekuta vipande vya chuma au magamba ya sahani, ningekwambia muanze kutafuta giaboksi nyingine.”

Alibadilisha chujio na gasketi, akakaza bolti kwa mkono mwepesi, huku akienda mkabala, kwa sababu bakuli hilo hupinda kirahisi na likipinda huvuja. Mafuta yanayotoka kwa njia hii ni sehemu tu. Mengi hubaki ndani ya mashine inayounganisha injini na giaboksi. Kwa hiyo kazi ilirudiwa mara mbili katika miezi iliyofuata. Kipimo nacho kina masharti yake: gari liwe mahali tambarare, injini ikinguruma, mafuta yakiwa ya moto. Ukipima yakiwa baridi, kijiti kitakudanganya.

Ndipo shemeji akaleta picha ya bakuli la aluminiamu kutoka Marekani, lenye kina kirefu na mapezi ya kupoza. Sikulidharau. Mafuta yakiwa mengi huchelewa kupata moto, na aluminiamu hutoa joto upesi. Lakini bakuli hilo huning'inia chini zaidi, na njia zetu za vijijini zina mawe katikati, pale pale magurudumu yasipopita. Chuma kikigongwa hubonyea. Aluminiamu ya kusubu hupasuka, na mafuta yote huishia barabarani. Isitoshe, kazi kubwa ya kupoza hufanywa na mabomba yanayoyapeleka mafuta kwenye rejeta. Yetu ilikuwa imezibwa na vumbi na wadudu. Kuiosha hakukugharimu chochote isipokuwa maji.

Tulikubaliana juu ya kitu kidogo zaidi. Bakuli lile lile la chuma lilipofunguliwa mara ya pili, liliondolewa, likaoshwa mpaka likakauka kabisa, kisha mchomeleaji wa Bunda akaliwekea nati ya kumwagia, upande wa nyuma, mbali na mawe na mbali na chujio. Alijaribu kwa maji kama linavuja kabla ya kulirudisha. Safari ya tatu mafuta yalitoka kwa dakika chache bila mtu kuoga, tena yakiwa mekundu. Pikapu haisiti tena. Pale kijiweni wanasema ni bahati.

Lililobaki ni bati nene la kukinga bakuli dhidi ya mawe. Shemeji amesema litangoja mbalamwezi, siku ambazo wavuvi wa dagaa hupumzika na pikapu haina mzigo wa kubeba.