Kumzalisha jirani hakutaki moyo mwema pekee

Msomaji mpenzi, je, umewahi kuamshwa saa nane za usiku na kijana anayetetemeka mlangoni, akakuambia, "Sista, mke wangu ameshikwa na uchungu na zahanati tuliyozoea haina muuguzi"? Mimi yalinifika Juni 2017, nyumbani kwangu mtaani Jericho, siku chache baada ya wauguzi wa hospitali za umma kuanza mgomo. Mgomo huo ulianza tarehe 5 mwezi huo na haukuisha hadi Novemba 2.

Nilikuwa nimestaafu miaka miwili awali, baada ya kufanya kazi ya uuguzi na ukunga wodini kwa zaidi ya miaka 30. Leseni yangu ya Baraza la Wauguzi nilikuwa bado naihuisha, lakini sikuwahi kuwaza kumzalisha mtu nyumbani. Sisi wa Eastlands tumekuwa na hospitali ya Pumwani karibu nasi tangu 1926, na bila shaka wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mlizaliwa humo. Kuzaa nyumbani tulikuona kuwa jambo la mashambani, au la mtu aliyekosa nauli.

Hata hivyo, ningemwambia nini kijana yule? Nilichukua glavu, wembe mpya na tochi, nikamfuata hadi Makongeni. Mkewe, aliyekuwa na mimba ya tatu, alijifungua salama kabla ya mapambazuko, juu ya godoro lililotandikwa karatasi ya nailoni. Habari zikaenea upesi. Kabla ya wiki mbili kwisha nilikuwa nimezalisha akina mama watatu, na nakiri mbele yako, msomaji, kwamba kiburi kiliniingia.

Wa nne alinitia adabu. Mtoto alitoka vizuri, kondo la nyuma likafuata, nami nikaanza kukusanya vyombo vyangu. Mara nikaona damu inatiririka bila kukoma. Mama akishapoteza zaidi ya nusu lita ya damu baada ya kujifungua, yuko hatarini, na hali hiyo yaweza kumwua kwa saa chache tu.

Wodini tulikuwa tukimdunga kila mama sindano ya oksitosini punde tu mtoto anapotoka, ili tumbo la uzazi lijikaze. Nyumbani nilikuwa nimeanza kusema, "Tutaona ikihitajika." Dawa hiyo huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, nami kwa kukosa friji nilikuwa nimeiweka kwa mwenye duka jirani. Usiku huo duka lilikuwa limefungwa, na mwenyewe amelala kwake Umoja.

Nilimkanda yule mama tumbo na kumweka mtoto kwenye titi, kwani kunyonya nako husaidia tumbo kujikaza, huku mumewe akihangaika gizani kutafuta gari. Lilipatikana baada ya dakika 40: pikapu ya mwuza mboga aliyekuwa akielekea Marikiti. Hospitali ya kibinafsi ilimpokea, akaongezwa damu, akapona. Wengine walinisifu. Lakini mimi nilijua kwamba lau mwuza mboga yule angechelewa kuamka, ningemzika jirani yangu kwa uzembe wangu mwenyewe.

Tangu siku hiyo nilijiwekea masharti. Sikumkubali mwenye mimba ya kwanza, mwenye mapacha, aliyewahi kupasuliwa, mwenye shinikizo la damu, wala aliyewahi kuvuja damu nyingi. Aliyebaki alinionyesha kadi ya kliniki, na mumewe akanitajia mwenye gari aliyekwisha kukubali kuamshwa usiku. Dawa nayo ilikuja nami ndani ya chupa yenye barafu, na niliidunga bila kungoja kuona.

Mgomo uliisha, lakini kugongewa mlango hakukuisha. Mwaka uliofuata alinijia mama mmoja wa Kaloleni akiwa na mimba ya tano. Ile ya nne alikuwa amevuja damu hadi akazirai. Nilimkataa. Alilia, akasema kwamba nimewasaidia wageni na sasa namtupa yeye tuliyekaa naye kanisani miaka kumi. Mumewe aliacha kunisalimia.

Nilimwuliza kama shida ni pesa, nikamkumbusha kwamba ada ya kujifungua katika hospitali za umma iliondolewa tangu Juni 2013. Akasema siyo pesa. Mara ya mwisho alitukanwa akiwa katika uchungu, akaachwa peke yake hadi kichwa cha mtoto kikaonekana. "Nyumbani angalau utaniita kwa jina," akaniambia.

Maneno hayo yalinichoma, kwani nami wodini niliwahi kuwafokea akina mama. Basi tulipatana hivi: uchungu ulipoanza, nilikaa naye nyumbani kwake saa mbili za mwanzo, kisha tukapanda teksi pamoja hadi hospitalini, nami nikamweleza muuguzi wa zamu habari zake zote. Damu ilimtoka tena. Safari hii dawa, dripu na daktari vilikuwa hatua chache tu kutoka kitandani. Mtoto yule sasa anasoma.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 100, 82 huzaliwa katika vituo vya afya; mwaka 2014 walikuwa 61. Nafurahi. Lakini hao wengine bado huzaliwa mahali fulani, na mtu fulani huitwa usiku.

Nawe mwanafunzi unayevutiwa na kazi hii, kwanza usomee uuguzi na ukunga, usajiliwe, ukae wodini hadi macho yako yaizoee hatari. Huruma utahitaji, lakini utahitaji pia uwezo wa kumwambia rafiki yako "la" naye analia.

Nanyi majirani, mkija kunigongea, njooni na kadi ya kliniki na namba ya simu ya mwenye gari. Hayo mawili nitayauliza kabla sijavaa viatu.