Kuvua Kofia Kivukoni

"Babu, kwani hapa ni kanisani?"

Aliyeuliza ni mjukuu wa dada yangu, msichana wa miaka kumi na mmoja. Tulikuwa tumebanana kiti kimoja kwenye Noah inayotoka Ifakara kwenda Lupiro, tunakwenda kumzika mama mdogo. Gari lilikuwa limeshapanda Daraja la Magufuli, na mimi, kama nifanyavyo kila mara bila kufikiri, nilikuwa nimevua kofia yangu ya ukindu na kuiweka magotini. Kabla sijapata jibu tulikuwa ng'ambo. Daraja lina urefu wa mita 384. Ukianza Baba Yetu upande wa Ifakara, Amina yake utaisemea Ulanga.

Nikamwambia kwamba hapa zamani palikuwa na pantoni. Akaniuliza pantoni ni nini.

Amezaliwa Ifakara, anasoma Ifakara, na alipoingia darasa la kwanza daraja lilikuwa limeshafunguliwa. Sikumlaumu, ila niliumia. Nilianza kumweleza habari ya chombo cha chuma, malori na ng'ombe, foleni ya kutwa nzima, nikaona macho yake yamesharudi dirishani. Lile swali lake la kwanza nililiacha, maana ndilo lililokuwa gumu. Mimi siamini kwamba Mungu yupo. Nimeishi hivyo tangu nikiwa na miaka ishirini na kitu, na wanaolijua jambo hili hawazidi watano. Na natamani kuamini. Natamani mpaka leo, na umri wangu ni miaka sitini na minne. Tamaa hiyo haikuanzia kanisani, ilianzia pale kivukoni.

Nilivuka mara ya kwanza nimeshikwa mkono na bibi mzaa mama. Siku zote nilisema ilikuwa 1966. Tulikuwa tunakwenda ubatizo wa mdogo wangu, na mwaka jana nilipokitafuta cheti chake nikakuta kimeandikwa 1967. Basi na iwe 1967. Ninachokumbuka ni kwamba ilikuwa masika, na masika mto Kilombero hauna kingo. Bonde lote linakuwa maji, mpunga umesimama shingoni, na waliobaki mashambani wanakaa juu ya madungu yao wakiwinga ndege. Wasafiri walisubiri pantoni wakipigana maneno. Walibishana juu ya bei ya mchele, juu ya kuku aliyekanyagwa, juu ya nani alifika kwanza. Halafu injini ikashika, chombo kikaachana na ukingo, na kelele zote zikakatika.

Wanaume walivua kofia. Wakristo walifanya ishara ya msalaba, Waislamu waliinua viganja. Bibi yangu, ambaye alibatizwa ukubwani, aliinama pembeni, akachota maji kidogo kwa kiganja, akayarudisha mtoni taratibu. Hakuwahi kuniambia yale maji alimrudishia nani. Mto ule ulikuwa na mamba na viboko, na kila familia ilikuwa na mtu wake ambaye mto ulimchukua. Lakini nilichokiona kwenye nyuso zile hakikuwa hofu peke yake. Watu mia moja waliokuwa wakigombana dakika moja kabla walikuwa wanazungumza na mtu mmoja, na yule mtu alikuwa anawasikia. Nilitazama kila uso. Sijaona tena kitu kilichonivuta namna ile.

Upande wa Ifakara, hatua chache kutoka majini, kulikuwa na meza ya Mwalimu. Tulimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa katekista wa kigango, ingawa siku sita za juma alikuwa muuza vitumbua. Harufu ya pale ninayo hadi leo: mchele na iliki vikikaangika, dizeli ya pantoni, na lile tope la mto ambalo likikauka linanuka kama chungu kipya. Vitumbua vyake alivigeuza kwa spoki ya baiskeli aliyoinoa ncha. Ifakara mji wa baiskeli, spoki hazikosekani, lakini yake ilikuwa imekuwa nyeusi na laini, na aliishika kwa vidole viwili kama mtu anayeandika. Alikigeuza kitumbua mara moja tu, hakuwahi kukirudia. Alivifunga kwa kurasa za gazeti la Kiongozi, na ukimaliza kula ulibaki na habari za maaskofu zilizolowa mafuta. Pembeni alikuwa na sanduku la mbao lenye vyumba: viberiti, nyembe, tumbaku, mishumaa, medali za Bikira Maria, na rozari nyeupe za plastiki alizozining'iniza kwenye msumari ili zisijisokote.

Na alikuwa na daftari la madeni. Wasafiri wengi hakuwajua majina, kwa hiyo aliandika alichokiona: mwenye baiskeli ya bluu, viwili. Mama wa Lupiro mwenye mapacha, vinne. Askari mrefu, mshumaa. Wengine walivuka wasionekane tena. Hakuwafuta. Nilimwuliza kwa nini anatunza deni la mtu ambaye pengine amekufa, akasema, "Hujui kama amesahau au amekwama."

Imani yangu haikuondoka kwa kishindo. Sikufiwa na mtu nikamkasirikia Mungu, wala padri hakunikosea. Nilikwenda shule, nikasoma sana, nikasoma Kichwamaji cha Kezilahabi nikiwa nimejifunika shuka bwenini, nikashangaa kwamba yale yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Kisha siku moja nikiwa Misani niligundua kwamba nimesema sala yote na hakukuwa na mtu upande wa pili. Nikajaribu tena Jumapili iliyofuata, na nyingine. Maji ya bonde huondoka vivyo hivyo. Hakuna anayeiona siku yenyewe, ila mwezi wa saba unapita kwa miguu mahali ulipokuwa unapita kwa mtumbwi.

Kiswahili kina neno kwa watu kama mimi, mkanamungu, na sijawahi kuliona kama langu. Kukana ni kazi ya anayemjua mtu. Petro alimkana Yesu kwa sababu alikuwa amekula naye. Mimi sijamkana yeyote, nimemtafuta nikamkosa. Na tazama lugha yenyewe isivyokuacha. Umeamkaje? Tunamshukuru Mungu. Watoto hawajambo? Mungu anasaidia. Kesho utakuja? Mungu akipenda. Asiyeamini anayeishi kwa Kiswahili humtaja Mungu kutwa nzima, na mimi kila nilipomtaja nilijisikia kama mtu anayetuma salamu kwenye anuani ambayo hajui kama kuna nyumba.

Nilimwambia Mwalimu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, pantoni imekwama ng'ambo, sisi wawili tu na moto wake. Nilisema, "Mwalimu, mimi simwoni mtu."

Hakuniuliza nani kanipoteza. Alisubiri kitumbua kiive upande mmoja, akakigeuza. "Unasali bado?"

"Hapana."

"Unataka kusali?"

Nikasema ndiyo, na sauti ikanikatika.

"Basi vua kofia wenzako wakivua," akasema. "Mengine si kazi yako."

Miaka michache baadaye nilipata kibarua kwenye maabara ambayo Profesa Rudolf Geigy wa Basel aliianzisha katika miaka ya 1950, ile tuliyokuwa tukiiita ya Waswisi, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Kazi yangu ilikuwa mbu. Usiku tulikaa vibarazani vijijini, suruali imekunjwa hadi magotini, kurunzi mkononi na mrija mdomoni, mbu akitua mguuni unamvuta, unampulizia kwenye kikombe cha karatasi, unaandika saa. Kijiji cha Namawala kilikuwa na mbu kuliko ninavyoweza kueleza. Watafiti walipohesabu walikuta mtu mmoja pale anaumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Ni karibu kila usiku.

Usiku mmoja, nadhani 1990, nilikuwa kibarazani na ndani ya nyumba kulikuwa na mtoto mwenye homa. Saa saba mtoto akaanza degedege. Baba yake akatoka kutafuta baiskeli ya jirani, na mama akaja mlangoni na koroboi, akaniona mimi na vikombe vyangu. Akasema, "Kaka, njoo utusalie, sauti inanikauka."

Ningesema nini? Niliingia. Bibi wa mtoto alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka, rozari nyeupe ya plastiki mkononi, kama zile za Mwalimu. Nikapiga magoti nikasema Baba Yetu yote, kwa sauti, nikasema Salamu Maria, wao wakiitikia. Sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani usiku ule kwamba kuna anayesikia. Nilisikiliza, kweli nilisikiliza, kati ya sala na sala. Palikuwa na pumzi ya mtoto na kelele za vyura. Baiskeli ilipofika tulimfunga mtoto mgongoni kwa baba yake kwa khanga mbili, mimi nikatangulia na kurunzi, tukamfikisha Hospitali ya Mtakatifu Fransisko alfajiri. Akawekewa dripu ya kwinini. Saa nne asubuhi aliomba uji.

Nilitoka nje nikasimama chini ya mti. Niliwashukuru waliomtibu, nikamshukuru aliyetuazima baiskeli, na bado nilikuwa nimejaa shukrani ambayo haikuwa yao. Ilinikaba. Mama wa mtoto alitoka, akapiga magoti palepale kwenye vumbi, akasema maneno machache, akainuka mwepesi kabisa, amekwisha. Mimi niliondoka na shukrani yangu. Nimeishi nayo tangu siku ile, na nimeongezewa nyingine nyingi: ndoa yangu, watoto wangu wanne wote wazima, macho yangu bado yanaona. Hofu unaweza kuimeza ukanyamaza. Shukrani isiyo na mtu wa kupelekewa ni mzigo, na sijui asiyeamini gani amepata mahali pa kuutua.

Mwalimu alifariki mwaka 1998, maji ya El Nino hayajakauka barabarani. Nilikuwa na deni lake, vitumbua viwili vya siku za nyuma. Nilimpelekea mkewe. Alifungua daftari, akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa, akasema, "Baba, haumo." Huenda hakuniandika kwa sababu alinijua jina. Nikamsihi apokee. Akazitazama zile pesa kiganjani, akasema, "Basi nitamwekea nia ya Misa." Nikakubali. Ndiyo Misa pekee niliyoilipia maishani, na nilikwenda, nikakaa benchi la nyuma.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Chanjo ya malaria ya Mkolombia Patarroyo ilikuwa imeshajaribiwa kijijini Idete, ikakinga karibu theluthi moja tu. Vyandarua vya Zuia Mbu vilikuwa vimeanza kuuzwa 1997. Homa zikapungua, na rozari za usiku wa manane zikapungua nazo. Nilishiriki kuleta hilo na ninalifurahia kwa moyo wote. Nimezika watoto wa watu wengi mno, siwezi kusema vinginevyo. Mwaka 2012 Ifakara ikawa jimbo, ikapata askofu wake. Januari 2016 upepo na mvua vikaizamisha pantoni ya MV Kilombero II, na Mei 2018 daraja likafunguliwa rasmi, na tuliopanga foleni ile miaka yote tulilia kwa furaha.

Lakini siwezi kuficha kinachonikera. Sala haijaisha Ifakara, imepata spika. Kuna usiku ambapo huwezi kulala kwa mahubiri, kila mmoja anamfokea Mungu kama kiziwi. Yanauzwa maji ya upako na mafuta ya upako kwa mama aliyeuza debe la mwisho la mpunga. Kwenye basi la Dar anasimama mtu, anaombea safari kwa robo saa, kisha anapitisha kofia. Kofia! Ile iliyovuliwa pale majini, watu wamenyamaza, leo inapitishwa itiwe sarafu. Ningekuwa ninaamini ningekasirika zaidi. Mimi nilitegemea ukimya wa wale watu. Ulikuwa mlango wangu pekee, na naona umefungwa na wenye nyumba wenyewe.

Mama mdogo tulimzika saa tisa. Padri alisema anakwenda kwa Baba, na kwa muda wa kufukia udongo nilitaka iwe kweli kiasi cha kuumwa kifua.

Tukirudi jioni nilimwomba dereva asimame kidogo upande wa Ifakara. Nilishuka na mtoto tukatembea hadi kivuko cha zamani. Mwanamke alikuwa anakaanga samaki aina ya kitoga chini ya turubai. Nikanunua vipande viwili, akanirudishia chenji kwa mikono miwili, akasema, "Asante baba, Mungu akubariki."

"Amina," nikasema.

Mtoto alikuwa ameshaanza kula. Akauliza pantoni ilikuwa inasimama wapi, nikamwonyesha. Akauliza kama nilikuwa naogopa, nikasema ndiyo, sote tuliogopa. Kisha nikamshika mkono, tukapita kwenye majani marefu, tukatafuta mahali meza ilipokuwa.