Sharti la Kuingia Chuoni

Nataka kuwaeleza habari za karatasi moja ya kurasa nne niliyoiandika mwaka uliopita, nikaipeleka mbele ya baraza la chuo chetu. Karatasi yenyewe si kitu kikubwa. Ilihusu masomo mapya, na masharti ya kuingia katika masomo ya zamani. Lakini kabla ya kuiandika nilikuwa nimekosa, na kosa lile lilikuwa la mkono wangu mwenyewe. Nadhani habari hii yafaa kusomwa na kila mtu akaaye katika halmashauri ya shule, au ya chama cha ushirika, au mahali po pote ambapo watu wachache huandika masharti ya watu wengi.

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika chuo kimoja cha maendeleo ya wananchi. Vyuo hivi vilianzishwa katika Tanzania mwaka 1975 kwa msaada wa nchi ya Sweden, na leo ni zaidi ya 50. Mfano wake ulitoka mbali. Huko Denmark mchungaji mmoja, jina lake Grundtvig, alifundisha kwamba mkulima naye astahili kuwa na chuo chake, ajifunze mambo ya maisha yake kwa lugha yake mwenyewe. Mwaka 1844 chuo cha kwanza cha namna hiyo kikafunguliwa mahali paitwapo Rødding, na watu wa Sweden wakaufuata mfano huo mwaka 1868. Jambo moja katika vyuo vile lilikuwa geni kwa zamani zile: hapakuwa na mtihani wa kuingia wala mtihani wa kutoka. Mtu alikuja kwa kuwa alitaka kujua.

Kwetu mambo yalikwenda yakibadilika. Wazazi walitaka cheti, na waajiri waliuliza cheti, wala hawakukosea, maana fundi asiye na cheti mara nyingi hupunjwa ujira wake. Basi tukafundisha useremala, uashi, ushonaji na umeme wa majumbani kwa kufuata mitihani ya ufundi. Watu wakawa wengi, na vitanda vya bweni vichache. Ndipo siku moja tulipofanya shauri, tuwachuje namna gani. Mmoja wetu akasema, "Na tuseme wawe wamemaliza kidato cha nne, tena wamefaulu hesabu na Kiingereza." Jambo lilikuwa rahisi, wala hapakuwa na mtu aliyeuliza zaidi. Mimi ndimi niliyekuwa mwandishi wa mkutano. Nililiandika sharti lile, nikalisoma kwa sauti, na sote tukakubali. Kwa kweli tulikuwa tukitafuta njia ya kupunguza watu tu, lakini tuliiita kiwango cha elimu.

Mwezi wa Januari uliofuata nilikaa mezani kuandikisha wanafunzi. Akaja msichana amembeba mtoto mgongoni. Akasema, "Shikamoo, mwalimu," nami nikamtambua. Nilimfundisha zamani katika shule ya msingi, kabla sijahamia chuoni, naye alikuwa hodari. Aliacha shule akiwa kidato cha pili kwa sababu ya mimba, na siku zile msichana wa namna hiyo hakuruhusiwa kurudi. Ruhusa ilitangazwa na serikali mwezi wa Novemba 2021, lakini wakati huo yeye alikuwa na mtoto wa kulea na shamba la kulima.

Alisema ataka kujifunza ushonaji. Akafungua mfuko, akatoa gauni dogo la mtoto alilolishona kwa mkono, bila cherehani. Nililitazama nikaona mishono imenyoka sawasawa. Nikalisifu, kisha nikamwuliza cheti chake cha kidato cha nne. Akasema hana. Basi nikamwonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani, ile ile niliyoiandika mimi. Akaisoma yote polepole, akasema, "Nimeelewa, mwalimu. Asante." Akalikunja gauni lake akaenda zake. Watu waliokuwa wakingoja walikuwa wengi, nami nikamwita mwingine.

Siku ile sikuona kwamba nimetenda neno baya. Sharti ni sharti, nalo lilikuwa ukutani mbele ya watu wote. Yapata mwezi mmoja baadaye nilikwenda sokoni kwa fundi wangu wa nguo kushonewa suruali. Ni mzee aliyesoma hata darasa la saba, basi. Akanipima kiuno, akapima nyonga, akaandika kwa chaki mezani: nyonga sentimita 96, robo yake 24. Akaongeza nafasi ya mshono, akakata kitambaa bila kusita. Nikamwuliza, "Mzee, hesabu hizi ulizisoma wapi?" Akacheka, "Mwalimu, hizi si hesabu. Huku ni kugawa kwa nne." Nilirudi nyumbani nikiwa na fadhaa, kwa kuwa nilimkumbuka yule msichana. Kugawa kwa nne nilimfundisha mimi mwenyewe, naye alikijua akiwa mtoto wa miaka kumi.

Basi katika likizo nikachukua daftari nikazunguka kwa mafundi. Sikuwauliza wamesoma hata wapi. Niliketi kando yao nikaandika kila hesabu waliyoifanya na kila neno la Kiingereza walilolihitaji. Kwa mshonaji nikaona nusu na robo, kujumlisha na kutoa sentimita, na kupiga hesabu ya bei ya kitambaa na faida. Kiingereza hakikuhitajika. Kwa seremala nikaona zaidi kidogo: pembe mraba, na kupima ubao kwa vipande ili usipotee bure.

Kwa fundi wa umeme mambo yakawa mengine. Pasi ya wati 1000 katika umeme wa volti 230 huvuta zaidi ya amperi 4. Fundi asiyejua kugawa namba hizo ataweka waya mwembamba na fyuzi isiyofaa, na nyumba itaungua. Hapo niliona hesabu si uzio uliowekwa kupunguza watu. Hesabu yenyewe ni sehemu ya kazi. Hata hivyo, niliona pia kwamba hesabu yenyewe ni ya kuzidisha na kugawa. Haihitaji miaka minne ya sekondari, yahitaji mwalimu na subira.

Tena niliona jambo la tatu. Katika vijiji vyetu watu wengi hununua vioo vya umeme wa jua, wala hapana mtu wa kuwashauri. Mtu akitaka taa 4 za wati 6 kila moja, ziwake saa 5, atatumia wati-saa 120. Kwa betri ya volti 12 hizo ni amperi-saa 10. Na kwa kuwa betri ya risasi ikimalizwa kupita nusu huharibika upesi, yampasa anunue ya amperi-saa 20 au zaidi. Asiyeambiwa haya hununua betri ndogo, ikafa mapema, akasema umeme wa jua ni ulaghai. Chuo chetu hakikuwa na somo hilo hata kidogo.

Ndipo nikaandika ile karatasi. Nilipendekeza mambo manne. Kwanza, katika ushonaji sharti la kidato cha nne liondolewe. Mtu ajaye aonyeshe tu kwamba ajua kusoma na kuandika, na apewe kitambaa na sindano tuuone mkono wake. Pili, liwepo somo jipya la hesabu za fundi, saa mbili kila juma, lifundishwe sambamba na kazi ya karakana, si kabla yake. Tatu, katika umeme Kiingereza kisiwe sharti, nayo hesabu ibaki. Lakini asiye na cheti aweze kulitimiza sharti hilo kwa kufaulu mtihani wetu wa hesabu za fundi. Nne, tuanzishe mafunzo ya umeme wa jua ya miezi mitatu.

Siku ya baraza nilisoma karatasi yangu, kisha akasimama mwalimu mkuu wa fani ya umeme. Ni mzee wetu, mtu mwenye heshima, naye amefundisha tangu mimi nikiwa mtoto. Akasema, "Mwanangu, maneno yako ni mazuri. Lakini mimi nimemwona kijana aliyeshika waya asioujua, nikamsaidia baba yake kumbeba. Sharti hilo unaloliondoa, wengine wetu tuliliona kama ukuta wa kuwalinda. Tena watu watasema chuo chetu ni cha walioshindwa." Baraza likanyamaza.

Nilimjibu kwa mfano nilioupata katika kusoma. Huko Marekani vipo vyuo vya jamii, ndugu wa vyuo vyetu kwa kazi. Kile cha Joliet katika jimbo la Illinois kilianza mwaka 1901. Katika jimbo la California, ambalo lina zaidi ya vyuo 100 vya namna hiyo, kwa miaka mingi mwanafunzi aliyeonekana dhaifu katika mtihani wa kuingia aliwekwa kwanza katika masomo ya kurudia ya hesabu na Kiingereza, yasiyohesabiwa katika shahada. Watu walidhani wamewasaidia. Lakini wengi walichoka njiani, wasifike kamwe katika somo lenyewe walilolijia. Mwaka 2017 jimbo lile likatunga sheria: chuo kisimweke mtu katika masomo ya kurudia isipokuwa kwa ushahidi kwamba hakuna tumaini kubwa la yeye kufaulu, na alama zake za sekondari zitazamwe. Tangu mwaka 2019 vyuo viliishika sheria hiyo, na wanafunzi waliolimaliza somo lile la hesabu katika muhula wao wa kwanza wakaongezeka sana kuliko zamani.

Yule mzee akaniuliza, "Na walioingia wakashindwa, hawakuwapo?" Nikasema kweli: walikuwapo. Walioingia walikuwa wengi zaidi, na walioanguka darasani nao walikuwa wengi zaidi. Kwa ajili hiyo vyuo vingi viliweka saa za msaada kando ya somo. Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Basi, mwanangu, neno moja. Sharti lilikuwa likifanya kazi, ingawa vibaya. Ukiliondoa, kazi ile itafanywa na nani? Nani atakaa na hao jioni?"

Wasomaji wapenzi, hapo ndipo nilipotambua kwamba katika kurasa zangu nne jambo hilo sikuliandika. Niliandika kwamba somo liwepo, nisiandike mwalimu wake. Nina watoto watatu na shamba, na jioni ndiyo nafasi yangu ya kulima bustani. Nikatazama karatasi yangu, nikasema, "Nitakaa mimi, mzee, Jumanne na Alhamisi." Akasema, "Nami nitakubali, kwa sharti moja la haki: asiguse waya mtu ambaye hajafaulu mtihani huo, hata akiwa na cheti cha kidato cha nne." Neno lake lilikuwa bora kuliko langu. Maana ni kweli, wako wenye vyeti ambao hesabu ile imewatoka, na karatasi yangu ilikuwa imewasahau. Tukaliandika.

Baraza likakubali mambo matatu kwa kujaribu mwaka mmoja. La umeme wa jua liliahirishwa kwa kuwa hatuna vyombo vya kufundishia, nalo laendelea kungoja. Jioni zangu mbili zimekwisha kwenda, na bustani yangu ina magugu, mke wangu ni shahidi. Darasani wamo akina mama wawili wenye umri kunizidi, nao huniita mwanangu. Mmoja alijifunza robo kwa kukunja kanga yake mara mbili, na tangu siku ile huwafundisha wenziwe kwa kanga. Wengine wameacha, sitaficha. Mmoja alishindwa mara mbili mtihani wa hesabu za fundi, akahamia uashi kwa hiari yake.

Yule msichana nilikwenda kumtafuta kwao. Mama yake alinipokea vizuri, akaniambia binti yake alikwisha kwenda mjini kufanya kazi katika nyumba ya watu, na mtoto amebaki na bibi. Nikampa fomu ya chuo, nikamweleza kwamba sharti limebadilika. Akaikunja, akaifunga katika pindo la kanga, akasema ataituma kwa dereva wa basi. Sikumwambia kwamba sharti lile niliandika mimi. Nadhani alijua. Hata leo binti yake hajaja.

Ndugu zangu mliopewa kalamu ya kuandika masharti, nawaomba jambo moja. Kabla hamjaandika, nendeni mkaketi karibu na mtu aifanyaye kazi ile, mwone yenyewe yataka nini. Pengine mtaona sharti lenu ni la kweli, kama lile la waya. Hapo lishikeni kwa nguvu. Pengine mtaona mlikuwa mkitafuta tu njia ya kupunguza watu. Hapo semeni hivyo wazi, wala msiite elimu. Na mkiliondoa, andikeni chini yake jina la mtu atakayekaa jioni.