Gundi Haiuzwi Hapa

Watu wa hapa Muleba wakipita kibandani kwangu wanamwona fundi viatu tu. Wachache wanajua kwamba gundi hii ninayoifungua kila siku ndiyo iliyokula ujana wangu pale Bukoba mjini.

Nilitoroka kijijini baada ya mama kufariki na ndugu wa baba kuanza kugombania kibanja. Nikadandia lori la ndizi, nikaangukia kwa vijana wa sokoni. Hao ndio walionipa chupa. Unatia gundi kidogo kwenye chupa ya maji, unaificha ndani ya mkono wa sweta, unaing'ata na kuvuta. Mara njaa imeondoka, na baridi ya ziwani usiku huisikii tena. Bei yake haifiki sahani ya ndizi na maharage, na inauzwa mchana kweupe.

Muuguzi mmoja alikuja kunieleza baadaye kwamba kinachoifanya gundi iwe laini mara nyingi ni toluini. Ukiivuta, inafika kwenye ubongo kwa sekunde chache, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Ndipo nikaelewa kifo cha mwenzetu. Alikuwa amevuta, mgambo wakatutimua, akakimbia hatua chache akaanguka. Hakuna aliyemgusa. Sisi tulisema karogwa. Kumbe mtu aliyevuta, mshtuko au mbio tu zinaweza kuusimamisha moyo wake, hata kama ndiyo mara yake ya kwanza.

Shangazi ndiye aliyenifuata. Alinikuta stendi, akaniita jina, nikabaki kumtazama.

"Mwanangu, hunijui?"

Nilimjua. Maneno ndiyo yaliyogoma kutoka. Akanipandisha basi, tukarudi nyumbani.

Wanaoacha heroini wana methadoni. Sisi wa gundi hatuna dawa kama hiyo. Nilipewa uji, usingizi na jembe, na shangazi hakuniacha peke yangu hata chooni. Sikio la kushoto halijarudi mpaka leo. Kumbukumbu nayo inavuja, ndiyo maana naandika jina la mteja kwa chaki kwenye soli. La sivyo mwalimu ataondoka na viatu vya padri.

Wanaouliza kwa nini nimeshika kazi yenye gundi, nawajibu kwamba ndiyo iliyopatikana. Panaposhoneka nashona kwa uzi, na kopo likifunguliwa nakaa nje kwenye upepo.

Tatizo ni watoto wanaokuja na chupa tupu na shilingi mia tano. "Kaka, niwekee kidogo, nimetumwa." Ukimuuliza kiatu kiko wapi, anatazama chini.

Mafundi wenzangu wa Kashai, Hamugembe, Kamachumu na Nshamba, nawaomba: mtoto akija bila kiatu, msimuuzie gundi. Akalete kiatu, tumbandikie wenyewe, hata kama ni bure.