Jina Lake Si Sadako

Jina Sawako linachekesha ukiwa Mkenya. Sikio linakimbilia "sawa" kabla hujalimaliza. Kila anayemwita ni kama anamhakikishia kwamba mambo yako sawa. Kwa Kijapani, herufi ya jina hilo inabeba maana ya kitu kinachoburudisha, kama hewa baada ya mvua. Wazazi wake walimpa jina zuri. Tatizo ni kwamba shuleni karibu hakuna anayelitumia.

Shuleni anaitwa Sadako. Kama uliona filamu ya Ring ya mwaka 1998, unamjua: yule mzimu wa nywele ndefu nyeusi anayetambaa kutoka ndani ya televisheni. Sawako Kuronuma ana nywele ndefu nyeusi, sauti ya chini, na tabasamu ambalo akilijaribu linafukuza watu. Makosa yake ndiyo hayo tu. Wanafunzi wenzake wanaamini anaona mizimu na kwamba ukimuudhi atakulaani.

Hivyo ndivyo inavyoanza Kimi ni Todoke, manga ya Karuho Shiina iliyokuwa ikitoka kwenye jarida la Bessatsu Margaret na kumalizika mwaka 2017 ikiwa na vitabu 30. Ni komedi ya mapenzi ya watoto wa sekondari huko Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Mvulana anayependwa na darasa zima, Kazehaya, anaanza kuongea na msichana anayeogopwa na darasa zima. Ukiniuliza kwa nini mtu mzima wa Nairobi anayelipa kodi ya nyumba anaijua hadithi hii nje ndani, nitakwambia ni kwa sababu inachekesha. Hilo ni jibu la kweli, lakini ni nusu tu.

Niliiona mara ya kwanza nikiwa chuo, muhula ambao wahadhiri walikuwa wamegoma na hatukuwa na la kufanya ila kulala na kuomba pesa nyumbani. Rafiki alinijazia flashi: vipindi vyote 25 vya msimu wa kwanza, ule ulioanza kuonyeshwa Oktoba 2009. Nilikuwa nacheka peke yangu chumbani. Sawako anajitolea kuwa mzimu kwenye mchezo wa usiku wa kupima ujasiri, na anafurahi kweli kwa sababu hatimaye darasa lina kazi naye. Manze, nilicheka. Halafu nikafika kwenye vipindi vya uvumi.

Sawako anapata marafiki wawili, Yano na Chizuru. Ghafla shule nzima inanong'ona kwamba Yano amelala na wanaume mia, kwamba Chizuru alikuwa mhuni, na kwamba aliyeyasema hayo yote ni Sawako. Aliyeyapanga ni msichana mwingine kabisa, Kurumi, mzuri wa sura na mpole mbele za watu, naye anamtaka Kazehaya. Hamguswi na mtu. Anatamka tu maneno machache mahali panapofaa, kisha anakaa pembeni na tabasamu lake.

Nilizima laptopu. Sikulala vizuri usiku ule.

Acha nieleze.

Nikiwa kidato cha pili, msichana mmoja aliletwa shuleni kwetu katikati ya mwaka. Alitoka Pwani. Shule yetu ilikuwa ya bweni, huko juu ambako Julai hata ng'ombe hutoa mvuke puani. Alikuwa mkimya, na alipoongea Kiswahili chake kilitufanya sote tuonekane kama tunapasua kuni. Kitanda chake kilikuwa jirani na changu, deka ya chini. Usiku alilala na soksi. Jozi mbili, moja juu ya nyingine.

Kama ulikulia bara, hadithi za Mombasa ulishazisikia: mwanamke mrembo anaomba lifti usiku, dereva akitupa jicho chini anaona kwato. Siku moja dainingi, watu wakiuliza huyu mgeni mbona haongei, nikasema, "Na havui soksi hata akilala. Wasee, huyo anaficha kwato."

Meza ilicheka mpaka mtu akapaliwa na githeri. Nilijisikia vizuri sana. Sikuwa msichana wa kuchekesha watu. Siku hiyo nilikuwa. Kufikia masomo ya usiku, jina lake lilikuwa Kwato.

Wiki chache baadaye, msichana wa kidato cha kwanza aliamka usiku akipiga mayowe. Wakafuata wengine. Ukisoma bweni Kenya unajua usiku wa namna hiyo: taa zinawashwa, watu wanakemea mapepo, matroni anakuja na kanga mabegani. Mtu akataja Kwato. Asubuhi tulikuta godoro lake limetupwa nje kwenye umande, na soksi zake juu yake. Mimi sikulibeba. Nilimwona kupitia dirishani akilikunja, peke yake. Nikaendelea kufunga kamba za viatu vyangu. Muhula ulipoisha aliondoka, hakurudi.

Kwa hiyo wengine wanapoiona Kimi ni Todoke wanajiona ndani ya Sawako, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Mimi nilijiona ndani ya Kurumi, tena bila hata kisingizio cha kupenda mtu.

Anime inakusaidia kuvumilia. Sawako akifurahi au akichanganyikiwa, anachorwa mdogo na mviringo kama andazi, unacheka, uchungu unapita. Filamu ya mwaka 2010 haina huruma hiyo. Humo Sawako ni Mikako Tabe, na Kazehaya ni Haruma Miura, ambaye alifariki mwaka 2020. Mwaka 2023 ukaja mfululizo mpya wenye waigizaji, Sara Minami akiwa Sawako. Niliuangalia kwa simu nikiwa kwenye matatu, Thika Road, jamu ya jioni. Uso wa mtu halisi hauwezi kugeuzwa andazi. Unamwona msichana anaitwa jina la mzimu, na unaona jinsi anavyojifunza kuitika. Hilo ndilo lililoniumiza: anaitika. Hata wangu alikuwa akiitika. Mwalimu mmoja aliwahi kumwita Kwato kimakosa darasani, naye akasimama, akajibu swali.

Sasa, kuhusu jina la hadithi. Kimi ni Todoke ni kama kusema "na likufikie", neno linalotumwa likiombewa lifike. Msimu wa pili wa anime, wa mwaka 2011, unaanza na Siku ya Wapendanao. Sawako anawagawia wenzake chokoleti, lakini ile aliyomtengenezea Kazehaya anarudi nayo nyumbani. Kuanzia hapo, kila mmoja anaamini mwenzake hamtaki, kwa sababu tu kitu kimoja kilichokusudiwa hakikufika. Mtazamaji unabaki ukipigia skrini kelele: sema basi! Vipindi vinapita. Ni rahisi sana kumpigia mtu mwingine kelele aseme.

Nilishuka matatu nikatafuta namba yake. Ilichukua siku tatu na magrupu mawili ya WhatsApp ya shule. Niliandika ujumbe mrefu, nikaufuta. Nikaandika mwingine wa kujieleza, tulikuwa watoto, unajua bweni zilivyo, nikaufuta pia. Mwisho nikaanza na jina lake. Jina lake lote, la kwanza na la baba, kama lilivyokuwa kwenye rejista. Nikamwambia, mimi ndiye niliyesema ile habari ya kwato, dainingi, na ninaomba radhi. Sitaliandika jina hilo hapa. Nimeshaliandika panapostahili.

Alijibu baada ya siku tisa.

"Kumbe ndiwe? Mimi miaka yote hii nadhani ni yule wa deka ya juu."

Ilibidi nikae chini. Yule wa deka ya juu alikuwa msichana wa Nyeri aliyempa blanketi lake la ziada wiki ya kwanza. Ndiye pekee aliyekuwa akila naye. Halafu siku moja wakaacha kuongea. Niliwaona, na sikujiuliza kwa nini. Yeye alikuwa amepiga hesabu: ni nani mwingine angejua analala na soksi? Akamnunia mtu pekee aliyemtendea wema, na mwenzake hakuwahi kuambiwa kosa lake. Mimi nilikuwa nimelala mita moja kutoka kwao wote wawili.

Kwenye manga, Sawako anawaendea wale wanaosema vibaya juu ya Yano na Chizuru, chooni, mikono ikitetemeka, anawataka wayafute maneno yao. Marafiki zake wanafika, uvumi unakufa, wote wanalia. Inachukua vipindi vichache. Sisi ilituchukua zaidi ya miaka kumi, na hakuna aliyelia, angalau si mbele ya mwenzake.

Hakusema amenisamehe, na mimi sikumuuliza. Baada ya dakika chache aliandika tena: "Na ilikuwa ni baridi tu, wallahi. Nyie hamkusikia baridi?"

Kisha akauliza kama nina namba ya yule wa Nyeri.

Nilikuwa nayo. Nilimtumia.